Kutu ya mwaka 2016 imepotelea ndani ya programu: nani amewahi kulinganisha kaguzi mbili za bomba moja?

#1 Mpanga Takwimu (Njiro, Arusha)

Wakuu, salaam. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Njiro inayopangia wateja taarifa za mabomba yao: vipimo vya unene, ramani, kumbukumbu za matengenezo na mengine ya namna hiyo. Mteja wetu mmoja, ambaye sitamtaja wala sitasema bomba lake linabeba nini, ana bomba la chuma la inchi 12, lenye urefu wa kilomita 96 na ukuta wa milimita 7.1. Limekaguliwa kwa ndani mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2022, na kampuni mbili tofauti, kwa kile kifaa chenye sumaku kinachosukumwa na bidhaa yenyewe kutoka kituo hadi kituo, ambacho watu wa mabomba wanakiita pigi.

Ukaguzi wa kwanza uliorodhesha dosari 412 za kutu, na wa pili 655. Orodha zote mbili tumeziingiza katika programu ya kusimamia uimara wa bomba, ambayo mteja aliinunua kwa fedha zinazotosha kununua Noah tano na kubakiwa na chenji ya mafuta. Programu ilipomaliza kulinganisha ikatuambia kwamba dosari 354 za zamani zimeonekana tena, 301 ni mpya, na 58 za mwaka 2016 hazipo kabisa.

Kutu haiponi. Chuma kilichokwisha kuliwa hakijirudishii nyama. Nilipozipitia hizo 58 moja moja kwa macho, nikakuta nyingi kati yake zina mwenzake wa mwaka 2022 mwenye urefu na upana unaofanana, ila amekaa mita kumi, ishirini, hata zaidi ya thelathini mbele. Yaani dosari ileile imehama. Naomba mwenye uzoefu anisaidie: umbali huu umepotelea wapi? Ni pigi, ni programu, ni sisi, au ni mteja?

#2 Fundi wa Kiboriloni (Moshi)

Mkuu, nimelaza mabomba ya maji miaka thelathini na miwili na sijaona hata moja likihama lenyewe, isipokuwa yale ya poli yaliyoachwa nje usiku mmoja pale Majengo. Hayo yalihama yote.

#3 Mhandisi wa Kutu (Arusha, awali Mtwara)

Ndugu Mpanga Takwimu, anza na magurudumu. Pigi hupima umbali kwa magurudumu madogo yanayobana ukuta wa bomba kwa ndani na kuhesabu mizunguko. Gurudumu likipita penye nta, matope au unyevu mwingi huteleza, na likiteleza halihesabu, hivyo umbali unaoandikwa huwa mfupi kuliko umbali wa kweli. Ndiyo maana pigi hufungwa magurudumu zaidi ya moja, na ndiyo maana watu huweka vifaa vya alama juu ya ardhi kila baada ya kilomita moja au mbili, ili pigi likipita chini yake muda uandikwe na umbali urekebishwe baadaye. Uliza kama mwaka 2016 alama hizo ziliwekwa zote. Mara nyingi utaambiwa ziliwekwa zote, na ukiomba kuziona utaletewa nusu.

#4 Mpimaji wa Sakina (Arusha)

Naomba kutofautiana na Mhandisi kwa heshima. Kabla ya kulaumu gurudumu, angalieni ramani. Ramani nyingi za zamani za nchi zetu hizi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS mliyonayo mkononi inatoa nafasi kwa WGS84. Ukichukua nafasi ya mfumo mmoja ukaisoma kana kwamba ni ya mwingine, kitu kinahama takribani mita 300 ardhini. Nimeshuhudia kisima kimoja upande wa Ngaramtoni ambacho kwenye ramani kilikuwa ndani ya kanisa. Ikiwa mwaka 2016 walitumia mfumo mmoja na mwaka 2022 wakatumia mwingine, jibu lenu hilo hapo.

#5 Binti Machame (Moshi)

Mpimaji, kisima chako nimekipenda, lakini hakitoshi hapa. Kosa la mfumo wa ramani huhamisha kila kitu kwa kiasi kilekile na kuelekea upande uleule. Mpanga Takwimu anasema dosari moja imehama mita kumi na nyingine zaidi ya thelathini. Isitoshe, umbali wa pigi hautokani na ramani, unatokana na gurudumu ndani ya bomba, na pigi halijui kama liko Sakina au Singida.

Kwako Mpanga Takwimu nina swali moja ambalo limenisumbua kuliko zile 58. Programu yenu iliruhusiwa kuoanisha dosari zilizopishana kwa mita ngapi?

#6 Mpanga Takwimu

Ahsanteni. Dada Binti Machame, iliruhusiwa mita 5 mbele na mita 5 nyuma.

Nimechora tofauti ya umbali kati ya kaguzi mbili kwa kutumia valvu na viungo vya matawi, ambavyo najua havihami. Mwanzoni mwa bomba tofauti ni sifuri. Inakua polepole hadi kufikia karibu mita 26 kwenye kilomita ya 41. Baada ya hapo, katika umbali usiozidi mita mia tatu, inaruka mita 11.6 kwa mkupuo. Kisha inatulia hadi kilomita ya 70, na inaanza kukua tena taratibu. Katika kila hatua, umbali wa mwaka 2016 ndio mfupi.

#7 Binti Machame

Basi hofu yangu ni ya kweli. Kama umbali umepishana kwa mita 26 na programu iliruhusiwa mita 5 tu, zile 354 zilizooanishwa zimeoanishwa na nani? Kwenye kilomita za mwanzo sawa, tofauti bado ni ndogo. Lakini mbele ya hapo programu imechukua kila dosari ya zamani na kuikabidhi kwa yoyote iliyokuwa jirani, hata kama si ndugu yake. Hizo ni ndoa za mkeka. Zile 58 ni waliokosa mtu wa kuozeshwa tu, na kwa kweli hao ndio wasema kweli pekee katika orodha yako.

Mlipaswa kuoanisha mishono kwanza, yaani pale vipande vya bomba vilipochomelewa pamoja, ndipo mwoanishe dosari. Kila kipande cha bomba kina urefu wake, kimoja mita 11.87, kingine 12.04, kingine 11.62, na mfuatano huo haujirudii, ni kama alama ya kidole. Kwenye kilomita 96 mna mishono kama elfu nane. Ipangeni mishono ya mwaka 2016 na ya mwaka 2022 ubavu kwa ubavu, kisha dosari isemwe iko mita ngapi kutoka mshono wa nyuma yake, si mita ngapi kutoka kituoni. Gurudumu likiteleza, litateleza sentimita chache ndani ya kipande kimoja na kosa litaishia hapohapo.

#8 Mpimaji wa Sakina

Nakubali kuhusu Arc 1960, nimeondoa kisima changu. Lakini tofauti inayokua polepole ina maelezo mengine: mteremko. Ramani hupima umbali wa bapa, bomba hulala kwenye mlima. Mteremko wa asilimia 3.5 unaongeza sentimita 61 kwa kila kilomita. Zidisha kwa kilomita 41, unapata mita 25. Ikiwa mwaka 2016 walirekebisha umbali wa pigi kwa kufuata alama zilizopimwa kwenye ramani ya bapa, na mwaka 2022 hawakufanya hivyo, mita zenu 26 ndizo hizo. Hakuna gurudumu lililoteleza.

#9 Mhandisi wa Kutu

Hesabu ni safi, ila mlima ni mkubwa mno. Mteremko wa asilimia 3.5 kwa kilomita 41 ni kupanda zaidi ya mita 1,400. Hiyo ni kutoka Moshi mjini hadi juu kabisa ya mashamba ya migomba, hadi msituni. Mpanga Takwimu, bomba linapanda kiasi gani?

#10 Mpanga Takwimu

Kutoka kituo cha mwanzo hadi kilomita ya 41 linapanda kama mita 600.

#11 Binti Machame

Kwa mita 600, mteremko ukiwa sawa njia nzima, ongezeko ni mita 4.4 tu.

#12 Mpimaji wa Sakina

Ukiwa sawa njia nzima, dada yangu. Nani amewahi kuona mlima ulio sawa njia nzima? Bomba linashuka korongoni na kupanda, linashuka na kupanda, na kila mshuko unaongeza urefu hata kama mwishoni umerudi ulipokuwa. Mtu anayetoka Kibosho kwenda Machame kwa njia za juu anayajua makorongo hayo kwa magoti yake. Sisemi yanafikisha mita 26, nasema yanazidi mita 4.4, na hapo katikati ndipo gurudumu la Mhandisi linaweza kupewa sehemu yake.

#13 Fundi wa Kiboriloni

Mmeng'ang'ania mita 26, mimi nimesimama kwenye ile 11.6. Huo ni urefu wa kipande kimoja cha bomba. Mtu aliongeza kipande hapo.

#14 Mpanga Takwimu

Mzee wangu, mteja ameandika kwa barua kwamba hakuna matengenezo yoyote yaliyowahi kufanyika kati ya kilomita ya 40 na ya 42.

#15 Fundi wa Kiboriloni

Kijana wangu, mteja kuandika kwamba hakutengeneza na mteja kutotengeneza ni mambo mawili. Nitakupa kisa kimoja. Miaka ya tisini, nikiwa kwenye kazi ambayo sitaitaja, mvua za masika zilikata kingo za mto na bomba la chuma la inchi 8 likabaki linaning'inia. Usiku huohuo tulikata sehemu iliyoathirika, tukalizungusha bomba kwa juu kidogo mbali na kingo, tukaongeza vipande viwili na viwiko, welda akamaliza saa nane za usiku, maji yakarudi kabla watu hawajaamka. Bosi alitushukuru, akatununulia supu. Karatasi haikuandikwa na mtu yeyote, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ataandika, na aliyekuwa na daftari alikuwa nyumbani na malaria. Miaka mingi baadaye nilikuta vijana wa ofisi wanatafuta bomba lile kwa kuchimba mahali lilipokuwa zamani. Walichimba siku mbili. Nilipita kwa baiskeli, nikawaonyesha kwa kidole.

Sasa hao vijana walikuwa na ramani nzuri yenye rangi. Muulize mteja wako kama kuna korongo karibu na kilomita ya 41.

#16 Mpanga Takwimu

Kuna korongo.

#17 Mhandisi wa Kutu

Kabla hatujamshangilia Fundi, kuna namna nyingine mbili za kupata mita 11.6. Ya kwanza ni kwamba mwaka 2016 pigi lilikwama kidogo mahali hapo, kisha likachomoka kwa kasi kubwa hadi magurudumu yasiweze kuhesabu kipande kizima. Hilo hutokea kwenye viwiko na penye ukuta mzito, na kwenye orodha ya kasi ya pigi litaonekana. Ya pili ni kwamba mwaka 2022 mshono mmoja ulihesabiwa mara mbili na mtu aliyekuwa akisoma mawimbi yaliyorekodiwa na pigi.

Hata hivyo kisa cha Fundi si cha kuchekesha. Tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi la inchi 30 lililipuka San Bruno, jimbo la California, likaua watu wanane na kuteketeza nyumba 38. Kipande kile kilikuwa kimelazwa mwaka 1956 wakati njia ya bomba inahamishwa. Kwenye mfumo wa kompyuta wa kampuni kiliandikwa kuwa ni bomba lisilo na mshono wa urefu. Wachunguzi walipokichunguza walikuta vipandevipande vifupi vilivyounganishwa, na mishono ya urefu ambayo haikuchomelewa hadi ndani. Bomba lisilo na mshono la kipenyo kile hata halikuwa likitengenezwa Marekani wakati huo, kwa hiyo taarifa ile ilikuwa inajitangaza kuwa ni ya uongo kwa miaka mingi na hakuna aliyeisoma. Mfumo haukukosea, ulitunza kwa uaminifu kile ulichopewa.

#18 Mchumi wa Kijenge (Arusha)

Mimi si mtu wa mabomba, lakini naona hoja moja inakwepwa. Ikiwa kinachohitajika ni kupanga mishono ubavu kwa ubavu na kuwa na mzee mwenye baiskeli, kwa nini mteja alinunua programu ya bei ya Noah tano? QGIS, programu ya ramani, ni ya bure, na nimesikia kuna programu nyingine ya bure iitwayo PODS ambayo kazi yake ni mabomba tu. Pamoja na Excel mngemaliza.

#19 Binti Machame

Marekebisho kidogo, Mchumi. PODS si programu. Ni muundo wa kupangia taarifa za mabomba, yaani makubaliano ya kwamba jedwali la mishono liwe na safu hizi, jedwali la valvu liwe na safu zile, na kila kitu kifungwe kwenye njia ya bomba kwa umbali. Ulianza mwaka 1998 ukichipuka kutoka muundo wa zamani zaidi uliofadhiliwa na taasisi ya utafiti wa gesi ya Marekani, na unasimamiwa na chama chenye wanachama. Faida yake ni kwamba ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine huanzi upya. Kuununua au kuupakua hakukupi kitufe chochote cha kubonyeza.

QGIS naitumia kila siku pamoja na kanzidata ya PostGIS, na kwa bomba la kilomita 96 ingetosha. Kinacholipiwa kwenye zile za bei ghali ni kwamba zinajua hesabu za nguvu iliyobaki kwenye ukuta, zinatunza nani alibadilisha nini na lini, na mkaguzi wa serikali akija zinatoa ripoti. Hilo la pili, la nani alibadilisha nini, ndilo Excel haina.

Na Excel ina mengine. Faili la aina ya zamani lina mwisho wa mistari 65,536. Mwaka 2020 Uingereza ilipoteza kwa muda wagonjwa 15,841 wa korona kutoka kwenye hesabu zake, kwa sababu majibu ya maabara yaliingizwa kwenye faili la aina hiyo na mistari iliyozidi ikadondoka kimya. Mpanga Takwimu, orodha ya mwaka 2016 ililetwa kwenye faili la aina gani?

#20 Mpanga Takwimu

La aina ya zamani. Lakini dosari ni 412 tu, haikaribii huko.

#21 Binti Machame

Dosari ni 412. Orodha kamili ya mawimbi, mishono, valvu na kila alama je?

#22 Mpanga Takwimu

Sina orodha kamili. Tulipewa ya dosari tu. Ya mishono ya mwaka 2016 ipo kwenye PDF iliyopigwa picha, kurasa mia mbili na kitu, baadhi zimelala ubavu.

#23 Msoma Mita wa Soweto (Moshi)

Nimefuata uzi huu kwa furaha. Naomba kuuliza: hiyo ILI inayotajwa kwenye ripoti za namna hii, yenu ni ngapi? Sisi kwenye maji tunafurahi ikikaribia 1.

#24 Mhandisi wa Kutu

Ndugu yangu, ILI kwetu ni ukaguzi wa ndani wa bomba. Haina ngapi, labda useme tumefanya mara mbili.

#25 Msoma Mita wa Soweto

Kumbe! Kwetu ILI ni kiashiria cha uvujaji: unachukua maji yanayovuja kweli kwenye mtandao, unagawa kwa kiasi ambacho kingevuja hata kama kila kitu kingetunzwa vizuri kabisa. Nilikaa kwenye kikao kimoja cha wageni wa mafuta nikatikisa kichwa saa nzima nikidhani tunaongea lugha moja. Mtu mmoja akasema wamefanya ILI mbili, nikampongeza.

#26 Fundi wa Kiboriloni

Watu wa Soweto mnapongeza tu. Ndiyo maana mita yangu haijasomwa tangu Pasaka.

#27 Mzee wa Kibosho

Nimesoma yote, taratibu, kwa miwani ya mjukuu. Mnayoyazungumza tuliyajua kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Mifongo ya huku mlimani ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika, na haikuwa na ramani. Kila sehemu ilikuwa na mtu wake: huyu anajua jiwe linalovujisha, yule anajua mahali ambapo fuko anatoboa kila mwaka kabla ya vuli, mwingine anajua siku ya maji ya kila ukoo. Ukitaka kujua hali ya mfongo unaitisha watu, wanatembea nao kutoka mtoni hadi chini, na kila mmoja anasema mbele ya wenzake. Anayekosea anasahihishwa hapohapo.

Vijana walipokwenda mjini, wale watu wakafa mmoja mmoja. Mfongo wa kwetu ulikauka ukiwa hauna kasoro yoyote kubwa. Ulikosa tu anayejua. Alipokuja mtaalamu na kompyuta kutaka kuuchora, aliuliza jina la kila kona, na nusu ya majina hayo nilikuwa nayo mimi peke yangu. Nadhani Fundi ananielewa.

#28 Fundi wa Kiboriloni

Nakuelewa sana, Mzee. Shikamoo.

#29 Mgeni Tengeru

Mimi ni mwanafunzi, naomba mnisaidie kitu kidogo. Kwa nini kuoanisha ni jambo kubwa hivi? Si wachukue orodha ya mwaka 2022 peke yake, waangalie zilizo na kina kikubwa, wachimbe, watengeneze?

#30 Mhandisi wa Kutu

Swali zuri. Kwa dosari ambazo tayari ni mbaya, uko sahihi kabisa: kanuni ya Marekani iitwayo B31G, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984, haikubali kutu iliyokula zaidi ya asilimia 80 ya ukuta hata iwe fupi kiasi gani, na chini ya hapo unapiga hesabu ya kina na urefu. Huhitaji historia. Historia unaihitaji ili ujue kasi, yaani lini zile ambazo leo ni nzuri zitakuwa mbaya, na hivyo ukague tena baada ya miaka mingapi.

Chukua mfano. Dosari ilikuwa na kina cha asilimia 22 mwaka 2016, ikawa 34 mwaka 2022. Kwa ukuta wa milimita 7.1, hiyo ni milimita 0.85 kwa miaka sita, sawa na milimita 0.14 kwa mwaka. Inatisha kidogo. Lakini pigi la sumaku kwa kawaida huahidi usahihi wa asilimia 10 ya unene, juu au chini, mara nane katika kumi. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, makosa yao hujumlishwa kwa njia yake na kufika karibu asilimia 14. Kwa hiyo ongezeko la asilimia 12 linaweza kuwa kutu, na linaweza kuwa si kitu. Hapo bado hujaingiza ndoa za mkeka za Binti Machame, ambapo ile ya 22 na ile ya 34 si dosari moja.

Hilo pia linaweza kueleza baadhi ya zile 58. Ripoti nyingi haziorodheshi kilicho chini ya asilimia 10. Dosari iliyopimwa 11 mwaka 2016 inaweza kupimwa 8 mwaka 2022 na kuachwa. Haijapona, imeshuka chini ya kizingiti.

Na kuna upande wa pili wa swali lako, Mgeni. Bellingham, jimbo la Washington, bomba la petroli lilipasuka tarehe 10 Juni 1999 na watu watatu wakafa. Bomba lile lilikuwa limejeruhiwa na mashine miaka mitano kabla, wakati wa ujenzi wa mtambo wa maji, na pigi lilikwisha kuonyesha dosari karibu na hapo. Hapakuchimbwa. Kuwa na orodha hakutoshi.

#31 Mchumi wa Kijenge

Kwa hiyo hadi sasa tuna gurudumu, mteremko, makorongo, kipande kilichofichwa, pigi lililokwama, mshono uliohesabiwa mara mbili, faili lililokatika na kizingiti cha asilimia 10. Nimeacha kisima.

#32 Mpanga Takwimu

Na mimi nina kingine cha kuongeza, samahanini. Baada ya ukaguzi wa mwaka 2016 mteja alichimba sehemu tisa ili kuhakiki, na leo nimepata fomu za machimbo hayo, zimeandikwa kwa mkono. Nafasi ya dosari kuzunguka bomba huandikwa kama saa: 12 ni juu kabisa, 6 ni chini kabisa, 3 ni ubavu wa kulia ukitazama mbele. Kati ya fomu tisa, nne zinasema dosari iko upande wa pili kabisa wa ule ulioandikwa kwenye programu. Programu inasema chini, fomu inasema juu. Sasa sijui kama walichimba dosari sahihi.

#33 Binti Machame

Nafasi za saa zimeingizwa kupitia Excel? Ukiandika 3:30, Excel hudhani ni muda wa siku na kuihifadhi kama 0.1458, yaani sehemu ya siku. Programu ikipokea 0.1458 bila kujua, inaweza kuiweka popote.

#34 Mpanga Takwimu

Hilo tulilikuta na tukalisahihisha mwanzoni kabisa. Na lingeweka kila kitu karibu na 12, lisingegeuza juu kuwa chini.

#35 Mzee wa Kibosho

Waliochimba walikuwa Waswahili?

#36 Mpanga Takwimu

Ndiyo, Mzee. Fomu zote zimeandikwa Kiswahili. Kwa nini?

#37 Mzee wa Kibosho

Mshale ukiwa juu kabisa ya saa, wewe unasema ni saa ngapi?

#38 Fundi wa Kiboriloni

Saa sita! Mzee amemaliza. Na ukiwa chini kabisa ni saa kumi na mbili. Fundi ameona kutu iko chini kabisa ya bomba, mshale kwenye 6, akaandika "saa kumi na mbili" kama alivyofundishwa na mama yake. Mtu wa ofisi akasoma 12, akajua ni juu.

#39 Mhandisi wa Kutu

Nimecheka peke yangu kwenye Hiace, abiria wamenitazama. Lakini tusikimbilie. Zimegeuka nne tu kati ya tisa. Ikiwa ni saa ya Kiswahili, zilipaswa kugeuka zote, labda fomu zile zilijazwa na watu wawili. Pia pigi lenyewe hujizungusha likiwa safarini, na kifaa chake cha kujua juu ni wapi kikiharibika katikati ya njia, nafasi zote za mbele yake hugeuka. Hizo nne ziko sehemu moja au zimetawanyika?

#40 Mpanga Takwimu

Tatu ziko baada ya kilomita ya 41. Moja iko kilomita ya 17.

#41 Mpimaji wa Sakina

Kilomita ya 41 tena.

#42 Binti Machame

Hiyo ya kilomita ya 17 ndiyo inayoharibu kila maelezo. Angalia mwandiko wa fomu hiyo na wa zile tatu, kama ni wa mtu mmoja. Na ile PDF ya mishono, usimpe mtu aandike upya zote. Anza na kurasa za kilomita ya 40 hadi ya 42, hesabu vipande, uone kama mwaka 2022 kimezidi kimoja.

#43 Mpanga Takwimu

Nimerudi. Kurasa hizo zimesomeka, isipokuwa moja yenye alama ya kikombe cha chai katikati, na kikombe kimekaa juu ya kilomita ya 41.2. Mwandiko wa fomu ya kilomita ya 17 unafanana na wa fomu mbili kati ya zile tatu. Ya nne sina uhakika. Nimempata kwa simu mmoja wa waliojaza fomu, sasa ana karakana yake ya kuchomelea, na nikamuuliza kwamba alipoandika saa aliandika kwa hesabu ipi, ya Kiswahili au ya Kizungu. Akanijibu kwamba aliandika kama saa ilivyoonyesha.

#44 Fundi wa Kiboriloni

Mpigie tena. Muulize kuhusu korongo.